Gitaa la 1957: shajara ya kulitafuta na kulirekebisha shingo

12 Januari

Naanza kuandika kabla sijaona gitaa lolote, na nafanya hivyo makusudi. Nataka ninachokitafuta kiwe kimeandikwa wakati akili imetulia, maana gitaa zuri la zamani likishakaa pajani humlainisha mtu, na mtu aliyelainika hupima vibaya.

Natafuta gitaa la akustiki lenye mwili mdogo: uso wa sprusi (mti mwepesi wa jamii ya misonobari), mgongo na ubavu wa mahogani, shingo inayokutana na mwili kwenye freti ya 14 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo). Kwa majina ya Martin, kampuni ya gitaa ya Marekani, hilo ni 00-18. Mwili wake una upana wa sentimita 36 hivi pale unapotanuka zaidi, na uzi kutoka mfupa wa juu, ule ulio chini ya kichwa, hadi mfupa wa daraja (daraja ni kile kipande cha mti usoni kinachoshikilia nyuzi) una urefu wa milimita 632. Mimi napiga kwa vidole vitupu, na mwili wa namna hii huitika kwa mguso mwepesi.

Wengi wakianza kutafuta gitaa za zamani hukimbilia zile kubwa zenye kiuno kipana, dreadnought. Nazipenda na nazielewa. Umbo hilo Martin walilitengeneza kwanza mwaka 1916 kwa ajili ya duka la Ditson, wakaanza kuliuza kwa jina lao wenyewe mwaka 1931, na 1934 likapata shingo ya freti 14. Zinazowindwa kuliko zote ni zile za kabla ya mwisho wa 1944, ambazo mataruma yake ya ndani (vile vijiti vinavyoushikilia uso kama mataruma ya jahazi) yamechongwa mabonde mabonde ili uso uwe mwepesi. Wapigaji walianza kufunga nyuzi nene, nyuso zikawa zinavimba, na uchongaji ule ukaachwa. Ndiyo maana mwaka mmoja tu kwenye namba ya gitaa unaweza kuwatenga wakusanyaji wawili wakabishana usiku kucha.

Mimi si mkusanyaji. Nataka gitaa la kupigwa, na miaka ya 1950 inanitosha: sprusi ya Sitka juu, mahogani chini, na ubao wa vidole pamoja na daraja vya rozwudi ya Brazil. Mti huo wa mwisho ni ndugu wa karibu wa mpingo wetu. Yote miwili ni jamii ya Dalbergia. Aliyewahi kushika kinyago cha mpingo anaujua uzito na ubaridi wa rozwudi nzuri kabla hajaigusa.

20 Januari

Mkoba wa ukaguzi uko tayari. Kioo kidogo cha mpini mrefu, kama cha daktari wa meno. Taa ndogo inayopita kwenye tundu la sauti. Rula ya chuma iliyonyooka kabisa, sentimita 60. Rula nyingine fupi yenye alama za nusu milimita. Tochi ya urujuanimno. Kipimaunyevu. Na karatasi ya namba.

Kwenye karatasi hiyo inafaa nieleze kidogo. Martin walianza kupiga namba za mfululizo mwaka 1898 kwa kuanzia 8000, na wakaendelea bila kurudi nyuma, namba ikigongwa kwenye kigogo cha ndani ambacho shingo inaingia. Ukiwa na orodha ya namba ya mwisho ya kila mwaka, umeujua mwaka wa gitaa: kwa mfano, 1957 unaanzia 152776 na kuishia 159061. Kwa Gibson, kampuni nyingine ya Marekani, kazi ni ngumu zaidi. Namba za miaka ya 1960 zilirudiwarudiwa, na gitaa mbili za miaka tofauti zinaweza kuwa na namba ileile. Hapo huna budi kusoma vitu vingine: umbo la nembo kichwani, aina ya daraja, upana wa shingo kwenye mfupa wa juu. Ni mwaka 1977 tu ndipo walipoanza mtindo wa tarakimu nane ambamo tarakimu ya kwanza na ya tano zikiunganishwa zinatoa mwaka.

3 Februari

Gitaa la kwanza. Mtengenezaji wake simtaji, wala muuzaji. Tangazo lilisema kila kitu ni cha asili, na kweli kwenye picha liling'aa kama kioo.

Kung'aa huko ndiko kulikonitia wasiwasi. Laka ya nitroselulosi, iliyopakwa kwenye gitaa nyingi za Marekani kuanzia miaka ya 1920, hukonda kadiri miaka inavyopita. Inafuata mistari ya mti, inapoteza ulaini ule wa kioo, na mara nyingi inapasuka nyufa nyembamba kama unywele kutokana na baridi na joto kupishana. Hazidhuru. Ni alama ya umri kama mikunjo ya mkono. Gitaa la miaka 60 lisilo na hata mmoja linawezekana, ila linatakiwa kuulizwa maswali.

Nikaomba chumba chenye giza, nikawasha tochi ya urujuanimno. Laka ya zamani chini ya miale hiyo hutoa mwanga hafifu wa kijani chenye umanjano, wenye ukungu. Uso wa gitaa hili ulikaa na giza la zambarau, tuli, kote. Kwenye kona ya kisigino (sehemu ya shingo inayogusa mwili) tu, mahali ambapo msasa haukufika, palikuwa na kipande cha kijani chenye ukubwa wa ukucha. Yaani laka yote ilikwanguliwa ikapakwa upya.

Muuzaji alisema hakujua, nami nilimwamini. Aliyekwangua huenda alifanya hivyo miaka 30 kabla yake, kwa mapenzi kabisa, akitaka gitaa lipendeze. Kinachoniumiza ni kwamba msasa hauondoi laka peke yake. Unakula na sprusi, ambayo kwenye uso wa gitaa ina unene usiofika milimita 3, na hakuna fundi wa kuirudisha. Nililipiga hata hivyo. Sauti ilikuwa kubwa na tupu katikati. Nikashukuru nikaondoka.

Usiku huu naandika kanuni ya mradi mzima: kabla ya kuuliza gitaa limeharibika nini, niulize limeguswa wapi. Uharibifu mwingi unatengenezeka. Kilichokwanguliwa hakirudi.

16 Februari

La pili. Mwili umevimba nyuma ya daraja, taruma mbili za ndani zimebanduka, na mtu amepitisha skrubu ndefu katikati ya daraja hadi ndani. Sikukaa nusu saa.

2 Machi

La tatu. Andiko la leo litakuwa refu.

Muuzaji ni mtoto wa marehemu aliyekuwa akilipiga. Kasha lilikuwa juu ya meza, jembamba, ngozi bandia imechubuka kwenye pembe. Nikatoa rula zangu, naye akacheka kwa upole. "Kaka, piga kwanza. Kupima hakukimbii."

"Niruhusu nipime kwanza, ndugu yangu," nikamwambia. "Nikishalipiga sitaweza tena kulipima."

Namba inaanzia na 156. Basi ni 1957, na mfano uliogongwa juu yake ni 00-18. Nikaingiza taa na kioo. Mataruma yote yamekaa, lile kubwa la umbo la X limeshika mpaka ncha zake. Nikayagonga moja moja kwa kidole huku nimesogeza sikio: taruma lililobanduka hutoa mlio mdogo wa kugongana, na hapa hapakuwa na mlio. Bamba dogo la mepli chini ya daraja, ambalo ndilo linaloshikilia vichwa vya nyuzi, limeliwa kiasi kuzunguka matundu yake sita. Hilo ni jambo la kawaida na linatengenezeka. Baya lingekuwa bamba la asili kung'olewa na kuwekwa kubwa zito, kwa kuwa uzito pale katikati ya uso huziba sauti.

Chini ya tochi: kijani chenye umanjano, kila mahali. Isipokuwa nyuma ya shingo, kwenye freti tatu za kwanza, ambako laka imekwisha kabisa na mti umelainishwa na kiganja cha mtu mmoja kwa miaka mingi. Na kwenye ubao wa vidole, katikati ya freti za mwanzo, kuna vibonde. Vidole vimechimba rozwudi. Nilipitisha ukucha nikavihesabu: vitatu vyenye kina, vingine hafifu.

Kuna ufa mmoja usoni, pembeni mwa bamba la kukinga mikwaruzo. Chanzo chake kinajulikana sana kwa wanaopenda gitaa za wakati huo. Bamba ni la seluloidi, na seluloidi hunywea kadiri inavyozeeka. Lilibandikwa moja kwa moja juu ya mti mtupu, hivyo likinywea linauvuta mti, na sprusi ikichoka inapasuka kwa kufuata mistari yake. Ufa huu una sentimita 9. Umefunga, haujainuka upande mmoja, na nilipobonyeza kandokando haukusogea.

Funguo za kukazia nyuzi si za asili. Ila zilizowekwa zimetumia matundu yaleyale ya skrubu, na ndani ya mfuko mdogo wa kasha nilikuta bahasha yenye funguo sita za zamani, mafuta yake yameganda yakawa kama nta.

Halafu nikalaza rula ndefu juu ya freti, kuelekea daraja. Huu ndio mtihani ambao gitaa nyingi za umri huu hushindwa. Kwenye shingo iliyokaa vizuri, ncha ya rula hupita ikigusa mgongo wa daraja. Hapa ilikita kwenye paji la daraja, milimita 2.5 chini ya mgongo wake. Mfupa wa daraja umesagwa mpaka umebaki milimita 1 juu ya mti, na bado nyuzi ziko juu kuliko inavyofaa kwenye freti ya 12 upande wa besi. Nyuzi sita za chuma zilizokazwa huvuta kwa nguvu ya kilo 70 na zaidi, mchana na usiku. Baada ya miaka zaidi ya 60 mwili umekunjika kidogo sana, na shingo imeinama mbele.

Nikapima unene wa daraja lenyewe. Milimita 8 na ushei. Hapo ndipo moyo ulipoanza kwenda mbio, kwa sababu njia ya mkato ya kushusha nyuzi, iliyopendwa sana na mafundi wa haraka, ni kulisaga daraja liwe jembamba. Ukifanya hivyo pembe ya uzi inakufa na sauti inakufa nayo. Hakuna aliyelisaga hili. Marehemu aliendelea kulipiga hivyohivyo, nyuzi zikiwa juu, labda akisogea polepole kuelekea freti za mwanzo ambako mkono haupati taabu.

Ndipo nikalipiga. Sitaeleza sana leo. Uzi wa tatu ulitoka na sauti iliyo kavu na ya mviringo kwa wakati mmoja, ikasimama, kisha ikaondoka bila kuacha ukungu nyuma yake.

3 Machi

Jambo la karatasi. Rozwudi ya Brazil, Dalbergia nigra, imo kwenye Kiambatisho cha I, kile kikali zaidi, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1992, na ubao wa vidole na daraja la gitaa hili ni wa mti huo. Mwaka 2017 jamii nzima ya Dalbergia iliwekwa kwenye Kiambatisho cha II, wapigaji duniani kote wakahangaika na vibali. Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zikasamehewa. Msamaha huo haukuigusa nigra. Anayetaka kuvusha gitaa kama hili mpakani anahitaji kibali kinachothibitisha kwamba mti ulikatwa kabla ya zuio. Hili liko nchini tayari, nami sina mpango wa kulivusha, kwa hiyo halinizuii. Naliandika kwa ajili ya anayesoma na ameliona gitaa la ndoto yake upande wa pili wa mpaka: uliza habari ya kibali kabla hujalipa, si baada ya hapo.

9 Machi

Nimelinunua. Tulikubaliana kwa kuhesabu wazi gharama ya kurekebisha shingo, na muuzaji aliona vipimo vyote kwa macho yake. Nililegeza nyuzi nusu sauti kabla ya kulifunga ndani ya kasha.

Kwa wiki mbili sitalifanyia chochote. Chumba kina unyevu wa asilimia 47. Kati ya 45 na 55 ndipo gitaa la mbao hutulia. Chini sana ya hapo mti unajikunja na nyufa zinafunguka, juu sana uso unavimba na nyuzi zinapanda. Gitaa lililohamishwa lipumzike kwanza, vinginevyo utapima hali ya hewa ya nyumba lilikotoka.

24 Machi

Wiki mbili za kusikiliza. Nataka kuandika kuhusu sauti yenyewe, kwa sababu kazi ya shingo ikianza nitajisahau kwenye milimita.

Nimeliweka kando ya gitaa langu jipya lenye mgongo wa rozwudi ya India, nikapiga akodi zilezile. Lile jipya lina besi pana na mlio unaozungukazunguka juu ya kila noti, kama ukumbi wenye dari refu. Hili la mahogani linatoa noti na kuiacha. Ukipiga nyuzi tatu kwa pamoja unazisikia tatu; hazichanganyiki. Kwa mtu anayepiga kwa vidole, ambaye kidole gumba kinatembea na besi huku vingine vikiimba juu, utengano huu ndio hazina yenyewe.

Ni umri au ni ujenzi? Nimeona watu wakigombana kwa swali hili, nami naona yote mawili yamo. Ujenzi ni mwepesi: gitaa zima ukilishika kwa mkono mmoja linaonekana kama halina kitu ndani. Na mti nao unabadilika. Kwa miaka mingi ile sehemu ya mti inayoitwa hemiselulosi huvunjika taratibu. Mti unapungua uzito, unavuta unyevu kidogo kuliko zamani, ilhali ugumu wake unabaki karibu palepale. Uso mwepesi wenye ugumu uleule hutikisika kwa nguvu ndogo. Ndiyo maana naamini ninachokisikia ninapogusa uzi kwa ncha tu ya kidole na sauti ikajaza chumba.

Mapungufu: kuanzia freti ya 7 kwenda juu mkono unachoka baada ya dakika kumi. Na kwa kuwa mfupa wa daraja umebaki mfupi, nyuzi hazikandamizi daraja vya kutosha, sauti inakosa msukumo wa mwisho. Gitaa linaongea kama mtu aliyefungwa mkanda kifuani.

6 Aprili

Nimekaa na fundi kwa saa mbili. Ni mtu anayenyamaza sana. Aliligeuza, akaliangalia, kisha akaniuliza: "Unataka nirekebishe nini, na nini nisiguse?" Kwa swali hilo peke yake nilijua nimefika mahali pake.

Tumekubaliana atarekebisha pembe ya shingo. Atajaza matundu ya bamba la mepli bila kulitoa. Ataweka viraka vitatu vidogo vya sprusi kwa ndani, kuvuka ufa, mistari ya kiraka ikikatiza mistari ya uso. Atachonga mfupa mpya wa daraja.

Hatagusa laka popote, hata palipochubuka. Hatapaka chochote nyuma ya shingo. Freti zinabaki; zimelika kidogo ila zina kimo cha kutosha kusawazishwa kwa tupa. Kuhusu vibonde vya ubao wa vidole alinieleza kwamba vinaweza kujazwa kwa unga wa rozwudi na gundi, visionekane tena. Nilifikiri, nikasema viache. Havigusi freti, haviharibu noti yoyote.

Shingo haina skrubu ya kunyooshea ndani yake. Martin hawakuanza kuweka fimbo inayorekebishika mpaka 1985. Kabla ya hapo waliingiza chuma kisichosogea. Kwa upande mwingine, Gibson walikuwa na fimbo ya kurekebishika tangu miaka ya 1920. Lakini fimbo hiyo hunyoosha upinde wa shingo tu. Haiwezi kubadili pembe ambayo shingo inakutana na mwili, na wauzaji wengine huchanganya mambo haya mawili wanapomwambia mteja kwamba "itakazwa kidogo, itakaa sawa". Upinde wa shingo hii ni milimita 0.2. Uko vizuri kabisa. Tatizo ni pembe.

20 Aprili

Leo shingo imetoka. Niliomba niwepo.

Ulimi wa shingo umechongwa ukiwa mpana mwishoni, ukateremshwa ndani ya tundu lenye umbo lilelile kwenye kigogo cha ndani, na kushikwa kwa gundi ya ngozi. Gundi hiyo ndiyo rehema ya gitaa za zamani: hulegea kwa joto na unyevu, na kazi ya mtu wa 1957 inaweza kufunguliwa bila kuvunjwa. Fundi alipasha moto sehemu ya ubao wa vidole iliyolala juu ya uso, akapenyeza kisu chembamba kidogo kidogo mpaka ikaachia. Kisha akaing'oa freti ya 15. Chini ya mfereji wake kuna nafasi ndogo mbele ya ulimi. Akatoboa matundu mawili membamba humo, akaingiza sindano ya mvuke.

Dakika za mwanzo hakuna kilichotokea. Aliendelea kufuta maji yanayotiririka kwenye laka, kitambaa mkono mmoja, sindano mkono mwingine, maana mvuke ukikaa laka inageuka nyeupe. Kisha ikasikika sauti ndogo, kama mtu anayeachanisha midomo. Akakaza kishinikizo chini ya kisigino, shingo ikapanda milimita moja, ikapanda mbili, ikatoka.

Ndani ya tundu kulikuwa na mabaki ya gundi ya rangi ya asali, na mstari wa penseli uliochorwa na fundi wa kiwandani. Fundi wangu hakuufuta.

4 Mei

Mti ulikaa wiki mbili ukikauka. Leo pembe.

Hesabu yake ni nzuri na nataka iwepo hapa. Kutoka mahali shingo inapokutana na mwili hadi mfupa wa daraja ni milimita 281 hivi. Kisigino kina kimo cha milimita 88. Tunataka ncha ya mstari wa freti ipande milimita 3 kwenye daraja. Basi chini kabisa ya kisigino paondolewe 3 mara 88 gawanya kwa 281: milimita 0.94. Juu, kwenye ubao wa vidole, pasiondolewe kitu. Yaani kabari moja ya mahogani, isiyofika milimita 1 upande mnene na inayoishia kwenye sifuri, ndiyo inayotenganisha gitaa linalochosha mkono na gitaa linaloimba.

Alianza kwa patasi, akamalizia kwa vipande vya msasa vilivyobanwa kati ya kisigino na mwili, akivivuta kimoja kimoja kuelekea nje. Vipande vitano, anaweka rula. Vipande vitatu, anaweka rula. Mara moja aligundua shingo imeanza kuelekea upande wa nyuzi nyembamba, akavuta viwili zaidi upande wa pili kuirudisha katikati. Nilikaa kimya muda wote.

11 Mei

Viraka vya ufa vimekaa. Matundu ya bamba yamejazwa.

18 Mei

Shingo imerudi. Kwa kuwa ulimi sasa umelegea kidogo ndani ya tundu, alibandika vipande vyembamba vya mahogani kwenye mashavu yake na kuvipunguza mpaka shingo ikashika yenyewe bila gundi. Nililibeba gitaa kwa shingo na halikucheza. Ndipo gundi ya ngozi, iliyopashwa kwenye maji ya nyuzijoto 60, ikapakwa, shingo ikasukumwa, jiriwa zikakazwa. Yote kwa chini ya dakika moja, kwani gundi hii haimsubiri mtu. Alitumia gundi ileile ya asili ili atakayekuja baada yetu, miaka 50 mbele, naye aweze kuifungua.

1 Juni

Nyuzi zimefungwa, unene wa inchi 0.012 hadi 0.053. Rula inapita juu ya freti na kugusa mgongo wa daraja. Mfupa mpya umesimama milimita 3.5 juu ya mti. Kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12: milimita 2.4 upande wa besi, 1.8 upande mwembamba. Funguo za asili zimesafishwa kwa brashi, zimetiwa tone moja la mafuta kila moja, zimerudi kwenye kichwa. Zinazunguka kwa uzito fulani ninaoupenda.

Fundi alilipiga kwanza, akodi moja, akanipa.

Msukumo umerudi. Besi, ambayo Machi ilikuwa inasikika kama iko nyuma ya mlango, imetoka nje. Freti ya 10, ambayo sikuwahi kuifikia kwa raha, sasa inashuka kwa uzito wa kidole. Ule utengano wa noti haukupotea. Hilo ndilo nililokuwa naliogopa usiku.

16 Juni

Wiki mbili chini ya mvuto kamili. Nimepima tena: 2.4 na 1.8, hazijasogea. Unyevu 49. Ufa haujafunguka.

Jana jioni nilikuwa napiga bila mpangilio, taa imezimwa, nikahisi vidole vya mkono wa kushoto vinateremka kwenye vile vibonde. Nikawasha taa nikavitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kukagua. Vyenye kina ni vitatu: uzi wa 2 kwenye freti ya 1, uzi wa 4 kwenye freti ya 2, uzi wa 5 kwenye freti ya 3. Ni akodi ya C, imechimbwa kwenye rozwudi. Vile hafifu vinaonyesha F na Am kando yake. Nikampigia simu yule aliyeniuzia, nikamuuliza baba yake alipenda kupiga kwa ufunguo gani. Akasema hajui mambo ya ufunguo, ila akaanza kunivumia wimbo mmoja kwenye simu, nami nikautafuta kwenye nyuzi. Ulikaa kwenye C bila kuhangaika.